Kapa Munda

Alhamisi, Busia. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua nzito ya kupiga mabati mpaka humsikii mtu aliye karibu nawe. Sasa ni jioni, imebaki manyunyu. Nimekaa jikoni naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kwa sababu wa kulia umefura. Paka wangu ameuuma. Ni mkono huohuo niliompigia mtu asubuhi.

Nimeanza na hilo kabla sijaanza kujipamba. Wanaonifuata hapa wanajua kwamba mwezi huu wote sikuwa na habari nyingine ila mimba ya Forodha, kana kwamba yeye ndiye wa kwanza duniani kubeba mimba. Leo habari ina damu ndani yake. Asiyeweza damu afunge ukurasa, sitakasirika.

Kwa mgeni: mimi nauza mahindi. Nina stoo nyuma ya maegesho ya malori, na Forodha ndiye paka wa stoo. Alikuja mwenyewe kutoka upande wa Uganda, bila karatasi yoyote, akajiajiri. Nilimpa jina hilo kwa sababu panya hapiti mbele yake bila kukaguliwa, na akishakaguliwa harudi kwao.

Mwaka jana alizaa watoto wanne nyuma ya mizani. Siku ya tatu, lile dume la kijivu la hoteli iliyo ng'ambo ya barabara liliingia likawaua wote. Niliwakuta asubuhi nilipofungua mlango. Mmoja hakuwa na kichwa. Forodha alikuwa anawalamba, anawageuza kwa pua, anawalamba tena. Nilikaa chini kwenye vumbi la mahindi nikalia mpaka wapakiaji wakaona haya kuniangalia.

Nikaapa kwamba safari hii hafi hata mmoja.

Nilijiandaa kuliko nilivyojiandaa kumzaa binti yangu. Nilitafuta katoni kubwa ya sabuni, nikakata mlango mdogo upande mmoja, nikatandika leso yangu ya zamani, ile laini iliyochujuka. Nikaiweka chini ya meza ya ofisi. Dirisha nikaligongelea wavu wa waya. Nilimpa omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuchemsha asubuhi na jioni, na yai kila nilipokumbuka. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akacheka sana. "Mama, paka anajizalia mwenyewe, we lala tu," akaniambia, na akarudi kwa ng'ombe zake. Juzi nilimwekea Forodha kiganja tumboni, nikahisi kitu kinapiga teke humo ndani. Nilitabasamu siku nzima, hata kwa watu ninaowachukia.

Na lile dume? Jumatatu nililikuta limekaa juu ya ukuta, linaangalia mlango wa ofisi yangu. Nilichukua jiwe nikalipiga la mbavu. Lilianguka upande wa pili na sauti iliyonifurahisha. Ndiyo, nilifurahi. Nina hasira za karibu, kila mtu mpakani anajua. Huwa najiambia kazi hii haifanywi na mtu mpole.

Sasa leo.

Mnunuzi alikuja mapema. Alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli, akamimina mahindi kiganjani. Dumuzi wawili, wale wadudu wanaotoboa mahindi, wakatoka wakatembea juu ya kidole chake. Alinionyesha kidole, akaingia kwenye gari lake. Bambo akaniachia mimi. Nilibaki nimelishika, na nadhani ndipo siku ilipoharibika. Sikuingia ofisini kumsalimia Forodha. Sikuangalia katoni. Niliingia stooni moja kwa moja nikaanza kugombana na kila anayepumua.

Nilimwita Ekisa aje kutoka Malaba na pikipiki yake. Ekisa ndiye fundi wa kupiga dawa katika mahindi yangu. Anaweka vidonge vya kijivu kwenye visahani, anavisukuma chini ya rundo la magunia, kisha kila kitu kinafunikwa kwa turubai na ukingo wake unakandamizwa kwa mifuko mirefu ya mchanga. Vidonge vikipata unyevu vinatoa gesi. Gesi hiyo inaua dumuzi, inaua panya, na mtu inamuua pia. Rundo likishafunikwa haliguswi siku kadhaa.

Ekisa ana sharti moja. Hafungi turubai mpaka mtu aliye juu ya rundo aseme hakuna kitu kilichobaki ndani. Leo aliyekuwa juu ni Mzee Musoke.

Mzee Musoke anavuka kutoka Uganda kila asubuhi kuja kunipakia na kunipakulia. Ananizidi umri kwa miaka kumi hivi. Ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kiganda. Mimi huniita nnyabo, yaani mama. Forodha naye tangu apate tumbo alikuwa anamwita mukyala, yaani mke wa mtu, na humpisha njia akimkuta mlangoni. Kila mtu hucheka. Yeye hacheki.

Nilipaza sauti kushindana na mvua.

"Mzee Musoke! Kuna kitu huko ndani?"

Akajibu kutoka juu, "Nnyabo, kapa! Kapa munda!"

Babu yangu alikuwa mtu wa Mombasa, dereva wa lori aliyefika huku akaoa na kubaki. Nyumbani kwake karata zilichezwa kila Jumapili, na aliyemaliza mchezo mikono mitupu alizomewa kwamba ametoka kapa. Kwa hiyo kapa kwangu ni bure, patupu, hakuna. Na munda ni neno ninalolisikia kila siku kwa majirani zangu Waluhya. Ni tumboni, ni ndani. Kapa munda. Hakuna kitu ndani. Nilielewa haraka na nikajisikia mwerevu.

"Haya, fungeni!"

Wakati uleule lori lilipiga honi getini, Musoke akashuka mbio kwenda kulipakulia. Ekisa akavaa kinyago chake, akaweka vidonge, akashusha turubai. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilimsaidia kukokota mifuko ya mchanga na kuikandamiza kwa mguu pande zote mpaka pasibaki hata upenyo wa kidole.

Ilipita kama saa nzima. Nilikuwa mlangoni, bambo bado mkononi, namfokea mtu kwenye simu. Musoke akaja amelowa chapachapa, akaliangalia rundo lililofunikwa, akaniangalia mimi.

"Nnyabo, ile kapa, mulitoa?"

Sikusikia "mulitoa". Mvua ilikuwa inapiga, na kichwani bado niliona kile kidole chenye dumuzi. Nilichosikia ni "mlitoka kapa". Nilisikia mpakiaji ananicheka mbele ya wapakiaji wenzake kwamba nimetoka mikono mitupu. Sikumuuliza arudie.

Nikampiga na bambo usoni.

Lilimpata juu ya jicho la kushoto. Nyusi ikafunguka na damu ikashuka mpaka kidevuni, ikachanganyika na maji ya mvua kwenye shati lake. Hakupiga kelele. Alishika jicho, akakiangalia kiganja chake, akalishika tena. Huyu ni mtu anayebeba gunia peke yake juu ya shingo. Angetaka angenivunja katikati. Badala yake alirudi nyuma hatua moja. Kisha akafanya jambo ambalo naliona kila nikifumba macho. Aliweka mikono miwili chini ya tumbo lake, kama mwanamke aliyekaribia kujifungua, na huku damu inamtiririka akalia, "Nyau. Nyau."

Mpakiaji mmoja alicheka. Halafu akanyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeangusha bambo.

Kapa kwao ni paka.

Alikuwa ameniambia. Alipanda, akamwona Forodha kwenye shimo lililobaki katikati ya magunia ya juu, akaniambia wazi, tena mara mbili, kwamba paka yumo ndani. Na aliposikia nimesema haya, honi ikameza lile fungeni, akadhani nimeelewa na nitamtoa. Katoni niliyoikata kwa mikono yangu haikumfaa Forodha. Alichagua mahindi.

Nilichukua kisu cha kukatia nyuzi za magunia nikalikimbilia turubai. Ekisa akanikamata kiunoni.

"Madam, wacha! Hiyo gesi haijui we ni nani! Ukifungua utakufa kabla ya huyo paka!"

"Niachilie!"

"Siachilii! Ukianguka hapa, ni mimi polisi watakuja kuchukua!"

Alikuwa na haki. Naandika hivyo sasa nikiwa nimekaa na chai. Wakati ule nilimpiga kiwiko cha kifua, akaanguka juu ya mifuko ya mchanga, nikajaribu kumpokonya kinyago kilichokuwa kinaning'inia shingoni mwake. Tulivutana hapo chini, mtu mzima na mtu mzima, kisu mkononi mwangu. Kiatu changu kilitoka. Alinishika kifundo cha mkono akakikunja, nami nikamtemea mate. Nilimtemea mtu aliyekuwa anajaribu kuniokoa.

Tulipoinua vichwa, Musoke alikuwa tayari juu ya rundo. Kisu kilikuwa kimeniponyoka, na alikuwa nacho yeye. Alivuta pumzi moja ndefu, akachana turubai mahali alipojua, akaingiza kichwa na mabega.

Ekisa alitukana kwa Kiteso, akavaa kinyago, akapanda. Alipofika alimshika Musoke miguu ili akizimia asitumbukie. Mimi nilikuwa chini nimesimama na kiatu kimoja, napiga kelele zisizo na maneno. Wengine walifungua milango yote miwili ya stoo wakakimbia nje. Harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza ikaanza kushuka.

Musoke alitoka, akavuta pumzi, akaingia tena. Mara ya pili alitoka na Forodha. Paka wangu alikuwa anapigana na dunia nzima. Alikuwa katikati ya uchungu, nyuma yake kumelowa damu, na alizamisha kucha zote kwenye mikono ya yule mzee, akamchana kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Musoke hakumwachia. Alimpitisha chini kwa mpakiaji mwenzake aliyerudi ndani, akampokea ndani ya shati, na kabla Ekisa hajamzuia, akaingia mara ya tatu. Alitoka na kitu kidogo chenye rangi ya moshi, ukubwa wa kidole gumba cha mguu wangu, kimelala kiganjani mwake.

Forodha alikuwa ameshazaa mmoja humo ndani. Hakikuwa kinapumua.

Ekisa alimshusha Musoke akamkalisha nje kwenye mvua. Musoke alikohoa, akatapika, akashika kichwa. Jicho lilikuwa limefumba kwa damu na mikono yote imechanika. Ekisa alisema lazima aende hospitali mara moja, gesi hii mtu huweza kuonekana mzima halafu akaanguka baadaye. Alimpandisha kwenye pikipiki, akamfunga kwa shuka asidondoke, na kabla ya kuondoka akanigeukia.

"Madam, unakuja?"

Forodha alikuwa ameanza kusukuma tena, chini ya kibanda cha mlinzi.

Nilibaki na paka.

Nimeandika mstari huo nikaufuta, nikauandika tena. Nilimpasua mtu uso, akaniokolea kitu ninachokipenda, na alipopelekwa hospitali mimi nilibaki kumtazama paka akizaa.

Alizaa watatu pale kibandani, juu ya leso niliyokimbia kuileta. Wa kwanza alitoka amekufa. Forodha alimlamba kwa muda, akamsukuma pembeni, na nilipogeuka kuchukua maji nikarudi, alikuwa anamla. Mlinzi alisema ndivyo wanavyofanya. Sikuweza kutazama na sikuweza kuondoka. Wa pili alitoka akilia kwa sauti nyembamba. Wa tatu alikaa kimya mpaka mama yake akamuuma kile kifuko na kumgeuza kwa nguvu mara mbili, tatu, ndipo naye akafungua mdomo. Mmoja mweusi, mmoja wa madoa. Wako hai. Nilipoondoka walikuwa wananyonya.

Nilinyoosha mkono niwafunike. Mkono uleule. Forodha, anayelala mapajani mwangu kila ninapopiga hesabu, aliunguruma, kisha akaniuma mpaka nikahisi jino limegusa mfupa. Niliutoa polepole. Ilibidi mlinzi awafunike yeye.

Ekisa alirudi peke yake kabla ya saa kumi. Alisema Musoke ameshonwa nyuzi sita, wamemweka chini ya uangalizi saa kadhaa, na daktari amemruhusu kwa sharti kwamba akisikia kifua kubana arudi. Kutoka hospitali alivuka moja kwa moja kwenda kwao. Nilimuuliza kama alisema kitu.

"Aliuliza kama mukyala amezaa."

"Na juu yangu?"

Ekisa alikuwa anakunja turubai lililochanika. Hakuniangalia. "Juu yako hakusema kitu, madam. Na mimi hapa kazi yangu imeisha. Tafuta fundi mwingine."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilimsimamisha mama anayeuza ndizi kutoka Tororo, nikamuuliza kwa Kiganda mtu husemaje akitaka kuomba radhi. Akaniambia, nsonyiwa. Nikamwambia arudie. Nimeishi hapa mpakani tangu nizaliwe. Najua kuuliza bei kwa Kiganda, najua kukataa bei, najua kumwita mtu mwizi. Neno hili nimelijua leo.

Nasra, binti yangu, yuko nyumbani wiki hii. Anasoma chuo huko Alupe. Ndiye aliyeuona mkono, akachemsha maji, akaniosha kwa sabuni kwa muda mrefu kama walivyofundishwa, akasema asubuhi mapema twende nikachomwe sindano. Huku ananiosha nikamsimulia yote. Nilisimulia vizuri, najijua, nina mdomo. Nilimwigiza mnunuzi na kidole chake, nikamwigiza Ekisa tulivyogaragara chini, nikalia nyau. Nilipofika pale pa kumpiga Musoke nilipita haraka, nikasema tu kwamba hasira zilinipanda nikampiga, nikaendelea na kisu na turubai.

Nasra hakucheka popote. Alisubiri nimalize. Hakuuliza watoto wa paka ni wangapi. Hakuuliza kwa nini nilimpiga mzee wa watu, wala kama ni kweli. Aliendelea kunisugua vidole, macho kwenye beseni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, ulimpiga na nini?"

Nilimwambia.

"Chuma," akasema. Akaitikia kwa kichwa, kama anayeongeza kitu kwenye vingine anavyovijua. Akanikausha mkono kwa taulo, akaufunga bandeji, akamwaga maji, akaenda zake.

Nimekaa hapa tangu hapo, navihesabu. Mwiko. Kandambili. Waya wa pasi, mara moja tu, alipokuwa darasa la sita. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema mara moja tu. Alikuwa na haki ya kuuliza na nini. Kwa uzoefu wake hilo ndilo la kuuliza.

Kesho, nikitoka kuchomwa sindano, nitasimama pale wanapovukia wapakiaji. Nilimpiga mbele yao, na mbele yao nitalisema lile neno. Asipokuja, nitavuka mimi nimtafute kwa kuuliza, ingawa amenifanyia kazi miaka mitano na sijui hata nyumba yake iko upande gani. Nikifukuzwa nitarudi kesho kutwa.

Hilo nimeshaliamua, na si gumu.

Nasra yuko chumba cha pili. Mlango ameuacha wazi na taa inawaka, nasikia anafunua kurasa. Kutoka kiti hiki mpaka kwake ni hatua nane. Neno ni lilelile, tena kwa lugha yetu wenyewe.

Nitainuka saa ngapi?